Gari la Mursi Lilipogoma Mlangoni

Siku tuliyopeleka vyombo vya mjukuu wangu Hadil kwa mumewe, mtaa wetu hapa mjini Fuwa uliamka kabla ya jua. Nilikuwa nimeshakaa mlangoni na bakuli la chumvi ya mawe mapajani, nikitazama kila kitu kinavyotoka, maana mimi napenda kuona kitu kimefungwa vipi na kimewekwa wapi. Yalitangulia magodoro. Ikafuata mifarishi ya pamba, ya waridi juu na ya kijani chini, kila mmoja umefungwa utepe mwekundu. Halafu friji, mashine ya kufulia, na sufuria za alumini kuanzia ile inayomeza bata wawili mpaka ile ya kuchemshia yai moja. Vikombe vya kahawa ni vingi mno, sidhani kama Hadil atavimaliza hata akifika umri wangu. Kila pikapu ikishajaa niliirushia chumvi kidogo ili jicho la hasidi lisiifikie, wanawake wakapiga vigelegele, nayo ikasogea kuipisha nyingine.

Mbele kabisa lilisimama gari la mkwe wangu Mursi, Mungu amrehemu. Ni gari dogo la zamani, la bluu iliyopauka juu ya paa, na kiti cha dereva kina shimo ambalo mwanangu Nargis, mjane wake, amelifunika kwa kipande cha zulia. Hadil alipozaliwa, Mursi alimbeba mpaka kwenye gari hilo na kumwambia, "Siku ya kupeleka vyombo vyako, hili ndilo litatangulia, na mimi ndiye nitaliendesha." Mtoto alikuwa na wiki moja tu, lakini Nargis alisikia, na hakusahau. Mursi alipofariki, watu walikuja kulitaka gari, akawakatalia wote. Akajifunza kuendesha akiwa mjane wa makamo, mbele ya macho ya mtaa mzima, akagonga pipa la taka, akagonga kibanda cha mkaanga falafeli, na mwisho akapata leseni.

Aliyekuwa na maneno mengi kuhusu jambo hilo ni Haji Abdelgawad, kaka mkubwa wa Mursi. Kwa kawaida yetu anayetangulia msafara wa vyombo ni mkubwa wa ukoo upande wa baba, na mkubwa wa ukoo ni yeye, ana gari jeupe jipya, kalipamba mashada ya maua ya nailoni mpaka kioo cha nyuma hakionekani.

"Shemeji," alimwambia Nargis asubuhi hiyo, "hilo ni gari au birika?"

"Birika lina kelele zaidi, Haji."

"Haya. Sitaki ugomvi siku ya furaha. Tangulia. Lakini likizima leo hata mara moja, unanipisha, unakuja kukaa kwangu kiti cha nyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Nargis, akafunga vizuri kilemba chake kipya, rangi ya nyama ya pera lililoiva.

Akaingia, akawasha. Injini ikaitika. Akapiga honi ule mlio wa harusi, pii, pii, pi-pi-pii, na magari yote nyuma yakamjibu. Akapiga tena. Safari hiyo honi ilianza vizuri, ikageuka sauti ya mbuzi aliyekabwa, ikanyamaza katikati. Taa alizokuwa ameziwasha kwa madoido zikazimika. Injini ikakohoa, nayo ikakata roho.

Nikamwona Nargis anazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk. Basi, hakuna kingine.

"Betri," akasema Haji Abdelgawad, ameshafika dirishani. "Betri imekufa. Niliisema betri hiyo."

"Betri ni mpya."

"Mpya nayo hufa. Hata watoto hufa."

"Haji!" nikamkemea. "Siku kama ya leo!"

"Samahani, mama. Ulimi tu."

Wakafungua betri ya ile pikapu iliyobeba friji, wakaitia kwenye gari la Mursi. Nargis akazungusha ufunguo. Tk. Wakairudisha. Mtu mmoja akasema ni stata, gongeni stata kwa nyundo. Wakaigonga. Mwingine akasema ni fyuzi, wakazichomoa zote, wakazitazama moja moja kwenye mwanga, zote nzima, wakazirudisha. Muuza mapera akaacha mkokoteni wake, akasema gari halina mafuta. Nargis akamwonyesha kwamba tangi limejaa.

"Lisukumeni!" akapiga kelele Hadil kutoka barazani, hina ingali imefungwa vitambaa mikononi, anapunga mikono yote miwili kama bondia. "Mama, kaa kwenye usukani, sisi tunasukuma!"

Wakalisukuma mpaka msikitini na kulirudisha, wanaume nyuma, wanawake ubavuni, mwenye dufu akiwapigia wapate nguvu. Halikutoa hata chafya. Na nyuma yake pikapu zote zimeshafungwa kamba, isipokuwa moja tu iliyokuwa bado inapakiwa viti vya chumba cha kulia. Vyombo vikishapakiwa havishushwi tena mpaka kwa bwana harusi. Na kule Mutubis, kwa bwana harusi, mabata ya karamu yalikuwa yameshaingia tanurini.

Haji Abdelgawad akafuta jasho kwa kiganja. Sikuona furaha usoni mwake, na hilo lilinishangaza kidogo.

"Shemeji, ahadi ni ahadi. Njoo ukae na sisi. Hili tutalivuta kesho."

Nargis hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho yamejaa maji ila hayajamwagika. Namjua mwanangu, nimemzaa. Angekaa kiti cha nyuma, angetabasamu, angepiga vigelegele na wenzake, na mpaka kufa kwake angehesabu kwamba Mursi aliahidi na yeye ndiye aliyeshindwa kutimiza.

"Nipe muda mpaka viti vya mwisho vifungwe, Haji," akasema. "Ndipo nitashuka."

"Vikifungwa tu."

Hapo ndipo dirisha la ghorofani mbele yetu lilipofunguka. Alikuwa Fundi Bishara, fundi wa umeme wa magari. Wiki ile alikuwa ametoka kupasuliwa ngiri, na mkewe alikuwa amemfungia ndani asije akajiharibu.

"Mnalisukuma linakwenda wapi, jamani? Kuzikwa?"

"Fundi, tuokoe!" Nargis akatoa kichwa nje.

"Daktari kanikataza kuinama."

"Usiiname! Wewe sema, nitainama mimi."

Akashuka polepole, mkono mmoja tumboni, kanzu yake ya kulalia ina michirizi ya kijivu. Akatazama huku na huku pa kukaa. Mtu akamchomolea kiti kwenye pikapu ya mwisho, kiti cha chumba cha kulia chenye nakshi za dhahabu.

"Kiti changu!" akalia Hadil. "Hata nailoni hakijatolewa!"

"Sitaitoa, bibi harusi. Nitakaa juu yake kwa adabu." Akakaa, nailoni ikalia kama mtu anayekula karanga. Akaletewa chai. Akaionja, akaomba sukari zaidi, na mwanangu akimtazama kama anayetazama daktari anayechelewa kusema.

"Sasa sikiliza, mama Hadil. Tunakwenda hatua kwa hatua, haraka ndiyo iliyowapeleka msikitini na kuwarudisha. Fungua taa."

"Zimewaka, lakini hafifu."

"Zungusha ufunguo, uniambie taa zinafanya nini."

Tk.

"Zimezimika."

"Zimefifia taratibu au zimekatika ghafla?"

"Ghafla. Kama mtu kazipuliza."

"Vizuri sana."

"Vizuri nini?" akadakia Haji Abdelgawad. "Gari limekufa, wewe unasema vizuri!"

"Vizuri, Haji, kwa sababu betri iliyochoka hufifisha taa kama mtu anayesinzia. Zikikatika ghafla, umeme upo, njia yake ndiyo mbovu. Na njia tunaweza kuitafuta. Mama Hadil, chukua hii."

Akampa taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili. Nargis akakunja mikono ya gauni, akafungua boneti. Akaambiwa aweke waya mmoja kwenye kichwa kimoja cha betri na wa pili kwenye kichwa kingine. Balbu ikawaka nyeupe, hata mimi nilifumba macho.

"Betri haina kosa. Sasa acha waya mmoja hapo kwenye kichwa cha waya mwekundu. Wa pili uguse chuma cha injini. Chuma chenyewe, si rangi."

Akagusa. Balbu ikaonyesha kauzi kekundu tu, kama sigara inayotaka kuzimika.

"Hebu gusa pengine."

Akagusa pengine. Uzi uleule.

Fundi Bishara akaweka gilasi ya chai chini, taratibu, kwa sababu ya mshono. "Umeme ni kama mtoto wa shule. Asubuhi anatoka nyumbani kwa waya mwekundu, anakwenda kwenye taa, kwenye honi, kwenye stata. Lakini lazima arudi nyumbani, na anarudi kupitia chuma cha gari na waya mweusi. Huyu wako katoka, kufika njiani barabara imevunjika. Nani ana zile waya nene za kuazimia umeme gari kwa gari?"

"Mimi," akasema Haji Abdelgawad kwa sauti ndogo, akaenda kuzileta mwenyewe.

"Chukua mmoja tu, mama Hadil. Upande mmoja bana kwenye kichwa cha waya mweusi pale kwenye betri. Upande wa pili bana kwenye injini, kile chuma cha kunyanyulia. Na mwekundu usiuguse. Vua bangili."

Akavua bangili, akanipa nizishike. Akabana huku, akabana kule. Akaingia garini. Nikasema bismillahi pamoja naye, nadhani mtaa mzima ulisema.

Injini ikawaka kwa mguso mmoja.

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwarusha njiwa wote kwenye paa za Fuwa. Hadil alirukaruka mpaka vitambaa vya hina vikafunguka. Muuza mapera akaanza kugawa mapera bure, halafu akajikumbuka, akaacha.

"Zima, zima!" akapaza sauti Fundi Bishara. "Hiyo ilikuwa kujua tu. Hamwendi Mutubis na waya unaning'inia. Fungua mweusi kwanza, halafu mwekundu, utoe betri. Chini yake utaona ule waya mweusi umefungwa kwa boliti kwenye bodi. Niambie ukoje."

Nargis akatoa betri, akaiweka chini kwa kukumbatia, gauni likapata doa ambalo halitatoka. Akainama mpaka kilemba kikagusa injini.

"Fundi, hapa pana kitu kama jibini lililooza. Jeupe na kijani. Boliti siioni kabisa."

"Hiyo ndiyo barabara yetu iliyovunjika! Lakini mbona ni mapema hivyo? Waya huo nilimwekea marehemu mwenyewe, na nikaupaka grisi."

"Na kuna changarawe," akasema Nargis. "Kila pembe ya kibao cha betri imejaa changarawe nyeupe."

Nikainuka. Changarawe nyeupe chini ya boneti ni jambo la kutazamwa. Nikachukua punje moja, nikaisugua kwa vidole, nikaiweka kwenye mwanga. Nimetia samaki chumvi tangu nikiwa msichana, siwezi kudanganywa.

"Hii ni chumvi," nikasema. "Chumvi ya mawe, kama hii yangu."

Macho yote yakahamia kwenye bakuli langu.

"Mama?" akasema Nargis.

"Msinitazame hivyo! Mimi naitia kichwani kwa bibi harusi na juu ya magodoro. Nani ataifuata injini na chumvi? Hata kulifungua hilo boneti sijui, na ufunguo unaulalia wewe mwenyewe."

"Chumvi, na juu yake maji," akasema Fundi Bishara, anatikisa kichwa. "Nakuona kila Alhamisi dirishani mwangu, mama Hadil, unaliosha na injini yake kwa mpira wa maji. Hapo chuma kinaliwa kama keki. Lakini chumvi imetoka wapi?"

Wakati huo Haji Abdelgawad alikuwa anatoka jasho kupita joto la siku ile. Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa leso ajifute uso. Pamoja na leso zikadondoka punje. Zikaanguka kwenye sakafu ya mawe mbele ya miguu yake, tik, tik, tik, na kila mtu alizisikia.

"Baba mkubwa?" akasema Hadil.

"Chumvi ya... ya kurushia msafara," akasema Haji.

"Haji," akasema Nargis, amesimama wima, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Funguo za akiba za Mursi ziko kwa nani?"

Mzee yule mwenye mabega kama kabati akatazama viatu vyake.

"Kwangu. Alinipa yeye." Halafu maneno yakamtoka yote pamoja. "Sasa nifanye nini, shemeji? Tangu uanze kuendesha, watu hawana kazi nyingine ila kukutazama. Ukipita, mkahawani wanaacha dhumna. Huyu anasema tazama mjane anavyoendesha, yule anasema tazama gari lilivyotunzwa, na hakuna mmoja anayesema mashallah! Nikasema jicho hili litakutupa mtoni siku moja, na kaka wa Mursi ni mimi, nitamjibu nini Mursi? Basi nikitoka msikitini siku ya Ijumaa, nyote mmelala baada ya chakula, napita natia kidogo."

"Kidogo?" nikauliza.

"Ngumi moja."

"Kila Ijumaa?"

"Mama, macho yalikuwa mengi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Fundi Bishara, na masikini hakutakiwa kucheka. Alishika tumbo kwa mikono miwili, anacheka na kulia, "Yarabi, mshono wangu, mnaniua, mtu anilaze!" na nailoni ya kiti inalia chini yake. Kisha Hadil. Kisha mtaa mzima. Nargis alijaribu kukaza uso, nilimwona anajaribu, midomo ikamsaliti, akaegemea boneti akacheka mpaka machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakapata sababu nzuri ya kushuka.

"Na mimi nikafikiri hunitaki barabarani, Haji!"

"Sikutaki barabarani," akasema Haji Abdelgawad. "Lakini ukishakuwa barabarani nataka urudi."

Basi kazi ikafanyika. Birika la maji ya moto likaletwa kutoka jikoni, likamwagwa juu ya lile jibini, likayeyuka na kutiririka. Nargis akafungua boliti kwa spana huku Fundi Bishara akimwongoza, kushoto, kushoto, usiilazimishe. Akasugua kichwa cha waya kwa msasa mpaka kikang'aa kama senti mpya, akasugua na bodi pale kinapokaa, akafunga boliti nyingine mpya iliyotoka mfukoni mwa kanzu ile ya kulalia, sijui fundi hulala na boliti kwa nini. Juu yake akapaka grisi.

"Na chumvi, Haji," akasema Fundi Bishara, "tia kwenye samaki."

"Nimesikia."

Betri ikarudi mahali pake, mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Tulipoinua macho, viti vya pikapu ya mwisho vilikuwa vimeshafungwa zamani, kimebaki kile tu alichokuwa amekikalia fundi. Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya mzigo wanakula mapera. Wote tulikumbuka yaliyosemwa asubuhi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyataja. Nargis akafuta mikono, akamgeukia shemeji yake.

"Lilizima, Haji. Na viti vimefungwa."

Haji Abdelgawad akatoa funguo za gari lake jeupe, akazirusha kwa mmoja wa vijana wa ukoo.

"Nilisema likizima. Hili halikuzima, nimelizima mimi. Sihesabu." Akazunguka, akafungua mlango wa abiria wa lile gari dogo, akaanza kujikunja aingie. "Nitakaa hapa. Ukigonga kibanda cha falafeli niwe shahidi."

"Kaa, lakini mikono yako uikalie. Sitaki kuona ngumi."

Akaikalia kweli. Kiti kikarudishwa kwenye pikapu, Fundi Bishara akachukuliwa na mkewe aliyeshuka na maneno makali, mimi nikapandishwa nyuma na bakuli langu, nikaambiwa nilifunike. Nargis akazungusha ufunguo. Likawaka. Akapiga honi, pii, pii, pi-pi-pii, sauti nzima, safi, na nyuma yetu zikaitika honi zote mpaka mwisho wa mtaa.

Aliendesha polepole, kando ya mto, mashamba ya mpunga yamevunwa pande zote na moshi wa mabua umelala chini. Bajaji zilitupita. Punda mmoja alitaka kutupita. Haji Abdelgawad alisema, "Shemeji, ongeza mwendo, mabata yataungua," naye akajibu, "Vyombo vya binti yangu vina vikombe," akaendelea na mwendo wake. Kila kijiji tulichopita wanawake walitoka milangoni kutupigia vigelegele, na nilimwona Nargis kwenye kioo kidogo, mgongo umenyooka, grisi shavuni, hakuna aliyemwambia na mimi sikumwambia.

Mutubis walikuwa wametandika mazulia njiani. Haji Metwalli, baba yake bwana harusi, alitoka na sinia ya sharbati nyekundu, akaja moja kwa moja upande wa Haji Abdelgawad na gilasi ya kwanza mkononi.

"Karibu, mkubwa wetu! Gilasi ya aliyetangulia!"

Haji Abdelgawad hakutoa mikono chini ya mapaja. Akaelekeza kwa kidevu.

"Mpe dereva."

Metwalli akainama kutazama ndani, akamwona Nargis. Akasimama kidogo na gilasi yake. Kisha akazunguka gari zima kwa mbele, sinia inatikisika, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima wa heshima. Nargis akaipokea, akaiacha na alama za vidole vyeusi, akainywa yote bila kupumua. Watu wakaanza kushusha magodoro.

Yeye bado alikuwa kwenye usukani. Akazima injini. Akangoja kidogo, akazungusha ufunguo. Likawaka. Akazima. Akazungusha tena, likawaka tena.

Mke wa Metwalli akaja mbio dirishani. "Kuna nini, mama Hadil? Limeharibika?"

"Hapana, dada," akasema Nargis. "Nasikiliza tu."